Vinundu Vimegoma: Kutafuta Mahali Mazungumzo ya Rizobia na Mkunde Yalipokatika

Mche wa mkunde umechanjwa rizobia, yaani bakteria wanaojenga vinundu mizizini na kuulisha mmea naitrojeni ya hewani, wiki tatu zimepita, majani ni ya njano na mzizi ni mtupu. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha nasaba ya bakteria au kuongeza kipimo cha chanjo. Ni haraka isiyo na baraka. Kati ya mbegu iliyochipua na kinundu kinachofanya kazi kuna ishara nyingi zinazopokezana, na popote zinapokatika huacha alama yake kwenye mzizi. Isome alama hiyo kwanza, ndipo ujue cha kubadilisha.

Mfululizo wenyewe ni huu. Mzizi wenye njaa ya naitrojeni hutoa flavonoidi, kemikali za kuwaita bakteria. Bakteria huzipokea kwa protini NodD, nayo huwasha jeni za nod. Jeni hizo hutengeneza ishara za Nod, yaani minyororo mifupi ya kitini yenye vipande 3 hadi 5 vya sukari na mkia wa mafuta kwenye ncha moja. Mmea huzipokea kwa jozi ya vipokezi: NFR1 na NFR5 kwa Lotus japonicus, LYK3 na NFP kwa Medicago truncatula, mikunde miwili ya majaribio ya maabara. Kalsiamu huanza kupwita ndani ya kiini cha seli na pembezoni mwake, kimeng'enya CCaMK huyasoma mapigo hayo, kisha jeni NIN, inayoongoza ujenzi wa kinundu, huwashwa. Bakteria nao wakishaingia kwa uzi wa maambukizi, mrija mwembamba unaopenya kutoka kwenye kinyweleo cha mzizi, hubadilisha usikivu wao kabisa. Wanaacha lugha ya nod na kuanza kufuata tindikali, oksijeni na peptidi (protini fupi) za mwenyeji. Mabadiliko haya ya ndani husahaulika mno wakati wa kutafuta chanzo cha tatizo, ilhali vinundu vingi vyeupe huanzia hapo.

Kabla ya kulaumu bakteria

Panda makundi matatu ya kulinganishia. La kwanza halichanjwi wala halipewi naitrojeni. Linapaswa kuwa njano na lisiwe na kinundu hata kimoja. La pili halichanjwi ila linapewa nitrati ya potasiamu, milimola 5. Linapaswa kuwa kijani. Likiwa njano, tatizo ni virutubisho vingine, mwanga au maji, na rizobia hawahusiki. La tatu linachanjwa nasaba inayojulikana kupatana vizuri na mmea huo. Kundi la kwanza likitoa vinundu, acha kusoma matokeo mengine yote: kuna uchafuzi, na hakuna takwimu itakayouondoa.

Fuata pia kalenda. Kwa Medicago truncatula katika nyuzi 21 hadi 24 za Selsiasi, vinyweleo vya mzizi hujikunja ndani ya siku 1 au 2, nyuzi za maambukizi huonekana siku ya 2 hadi ya 4, uvimbe mdogo siku ya 5 hadi ya 7, na rangi ya waridi, dalili ya kinundu kinachofanya kazi, siku ya 10 hadi ya 14. Tofauti ya rangi ya majani huonekana wazi kuanzia siku ya 21. Soya huenda polepole zaidi. Vinundu vyake huanza kuonekana karibu siku ya 10 hadi ya 14. Anayeng'oa mmea siku ya 8 na kutangaza kuwa vinundu ni vyeupe amewahi mno.

Mzizi mtupu, vinyweleo vimenyooka

Siku ya 2 au ya 3 baada ya kuchanja, kata kipande cha mzizi pale palipokuwa na vinyweleo vichanga siku ya chanjo, kisha kiangalie kwa hadubini ya ukuzaji wa mara 100 hadi 200. Vinyweleo vikiwa vimenyooka vyote, ishara ya bakteria haijafika au haijatambuliwa. Anza na mambo rahisi kupima.

Naitrojeni ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mmea ulioshiba hauiti mtu. Nitrati huziamsha protini za familia ya NLP, ambazo huzuia jeni zinazoongozwa na NIN, na pia huongeza peptidi za CLE zinazopunguza vinundu. Milimola 0.5 ya nitrati kwa kawaida huvumilika kama ya kuanzia. Milimola 5 huzuia kwa nguvu. Ndiyo maana mimea ya kundi la pili haichanjwi. Naitrojeni ya siri hutoka mahali watu wasipopashuku: agari isiyosafishwa, udongo wa kuoteshea uliotiwa mbolea, na hasa chanjo yenyewe. Mchuzi wa TY wa kukuzia bakteria una gramu 5 za triptoni na gramu 3 za dondoo ya hamira kwa lita, kwa hiyo ukimwaga bakteria pamoja na mchuzi wao unaweka mbolea. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga mchuzi, suuza bakteria mara mbili kwa maji safi yaliyotakaswa au kwa myeyusho wa madini usio na naitrojeni, kisha wachanganye upya hadi OD600 (kipimo cha wingi wa bakteria kwa ukungu wa mchanganyiko) ya 0.02 hadi 0.05. Mililita 1 kwa mche inatosha.

Mshukiwa wa pili ni klorini iliyobaki kwenye mbegu, ambayo huua bakteria wa chanjo. Mbegu za Medicago hulainishwa kwa asidi ya salfuriki nzito kwa dakika 5 hadi 8, zikasuuzwa haraka kwa maji baridi mengi, halafu zikaoshwa kwa hipokloriti ya sodiamu kwa dakika 2 au 3. Zisuuze si chini ya mara 6 baada ya hapo. Kuhakikisha kwamba chanjo ilikuwa hai, panda kiasi kidogo kwenye kisahani siku ileile ya kuchanja. Sinorhizobium, bakteria wa Medicago, hutoa makoloni ndani ya siku 2 au 3 kwenye nyuzi 28 hadi 30, lakini Bradyrhizobium, wa soya, huchukua siku 5 hadi 7, kwa hiyo usimtangaze kuwa amekufa siku ya 3.

Wa tatu ni bakteria asiyesikia, na hapa inafaa kutulia. Kila NodD ina flavonoidi zake. Ya Sinorhizobium meliloti hufuata luteolini. Ya Rhizobium leguminosarum wa njegere hufuata naringenini na hesperetini. Ya Bradyrhizobium wa soya hufuata jenisteini na daidzeini. Kibaya zaidi, jenisteini na daidzeini zinazomwamsha bakteria wa soya huweza kumzuia bakteria wa njegere asiitikie naringenini. Ukichanganya mizizi ya mimea miwili kwenye chombo kimoja, au ukitumia majimaji ya mizizi ya mmea mwingine, unaweza kuwa umewaziba bakteria masikio kwa mikono yako.

Kipimo chake hakina utata. Tumia nasaba iliyobeba jeni nodC iliyounganishwa na lacZ, jeni ya kimeng'enya beta-galaktosidezi, ambacho hupanda nodC inapowashwa. Ikuze hadi OD600 ya 0.2 hadi 0.3, igawe mara mbili, fungu moja ulitie luteolini ya mikromola 5, jingine ulitie kiyeyushi DMSO pekee kwa kiasi kilekile. Luteolini haiyeyuki vizuri majini. Iyeyushe kwanza kwenye DMSO kufikia milimola 10, na utumie mikrolita 0.5 kwa kila mililita. Acha saa 3 hadi 4 kwenye nyuzi 30, kisha pima beta-galaktosidezi. Fungu lenye luteolini likipanda mara kadhaa kuliko jingine, bakteria anasikia na tatizo liko mbele zaidi. Yote mawili yakibaki chini, angalia NodD, angalia pH, na angalia kama plasmidi ya simbiosi, duara la DNA lililobeba jeni za kushirikiana na mmea, ingalipo. Yote mawili yakiwa juu bila flavonoidi, huenda una NodD3, ambayo haisubiri kuitwa.

Kuhusu plasmidi: kwa S. meliloti, nodABC na nifHDK (jeni za kufunga naitrojeni) zote zimo kwenye plasmidi pSymA. Fanya PCR ya nodC na nifH pamoja na jeni moja ya kromosomu. Zikikosekana zote mbili huku ya kromosomu ipo, plasmidi au kipande chake kikubwa kimepotea. Rudi kwenye akiba ya gliseroli iliyogandishwa, usiendelee kuhamisha koloni kutoka kisahani hadi kisahani. Kukuza Rhizobium kwenye joto la juu mno kunaweza kumfanya apoteze plasmidi hizi. Bradyrhizobium hubeba jeni zake za simbiosi kwenye kromosomu, hivyo kwake shaka hii ni ndogo. Yeye ana tabia nyingine: msongamano ukiwa mkubwa, NolA na NodD2 huzikandamiza jeni za nod. Mchuzi uliozeeka na kujaa bakteria huonekana wa kuvutia kwa macho na kumbe umenyamaza. Tumia bakteria wachanga.

pH na joto hubadilisha usikivu pia. S. meliloti hupatwa na shida chini ya pH 5.5, bakteria na ishara zake kwa pamoja; weka myeyusho kwenye 6.5 hadi 7. Rhizobium tropici CIAT 899 huvumilia tindikali zaidi, ndiyo maana huchaguliwa kwa maharage yaliyo kwenye udongo mchachu. Kwa soya, mzizi uliopoa chini ya nyuzi 25 huchelewesha vinundu, sehemu ya sababu ikiwa ni mazungumzo ya jenisteini kudorora. Hapo kuna dawa: wakuze Bradyrhizobium pamoja na jenisteini ya mikromola 15 hadi 20 kabla ya kuchanja, ili wafike kwenye mzizi jeni za nod zikiwa tayari zimewaka.

Mshukiwa wa mwisho ni ishara yenye lafudhi ngeni. NodA, NodB na NodC hujenga kiini cha ishara, lakini mapambo ya pembeni ndiyo yanayomtambulisha msemaji. S. meliloti huongeza salfati kwa kutumia NodH. Mutanti wa nodH, yaani bakteria ambaye jeni hiyo imeharibika, hutengeneza ishara nyingi tu, ila alfalfa haizitambui, na badala yake hutambuliwa na Vicia, mkunde mwingine, ambayo kwa kawaida humpuuza bakteria huyu. Kupima upande wa mmea, tumia ishara za Nod zilizosafishwa, nanomola 1, kwenye mmea wenye ENOD11, jeni inayowashwa na ishara hizo, iliyounganishwa na GUS, inayotoa rangi ya buluu. Rangi ya buluu ikitokea kwenye ngozi ya mzizi ndani ya saa chache, vipokezi vya mmea ni vizima na kosa ni la bakteria. Isipotokea hata kwa ishara safi, mmea ndio kiziwi: tafuta kasoro kwenye jeni NFP, DMI1, DMI2 au DMI3. Mapigo ya kalsiamu hukusaidia kuwatenganisha zaidi: DMI3, ambayo ndiyo CCaMK, ikiharibika mapigo hubaki lakini hakuna wa kuyasoma, ilhali DMI1 au DMI2 ikiharibika hata mapigo hayatokei.

Vinyweleo vimejikunja, kinundu hakuna

Habari njema: walisalimiana. Kilichokwama ni kuingia. Ichanje mimea kwa nasaba iliyobeba pXLGD4, plasmidi yenye hemA iliyounganishwa na lacZ, kisha siku ya 5 paka X-gal. Nyuzi za maambukizi zitaonekana za buluu.

Nyuzi zisipoonekana kabisa, au zikianza na kukatikia ndani ya kinyweleo, chunguza sukari za nje za bakteria. Ndani ya mkunjo wa kinyweleo mazingira huwa ya tindikali, S. meliloti huipokea hali hiyo kwa mfumo wa ExoR, ExoS na ChvI: ExoR huvunjwa, ExoS na ChvI wanaachiliwa, bakteria anaacha kuogelea na kuanza kumwaga suksinoglikani. Bila sukari hiyo uzi hausongi. Kwenye agari yenye Calcofluor 0.02%, koloni lenye suksinoglikani hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, na mutanti wa exoY hubaki giza. Nasaba ya Sm1021 haina akiba hapa, kwa kuwa expR yake imeharibika na hivyo haitoi ile sukari nyingine, galaktoglukani. Jeni za exo, zinazotengeneza suksinoglikani, zikiharibika, bakteria huyo hana pa kushika. Kwa Lotus, mmea una hata kipokezi maalumu, EPR3, cha kukagua sukari za bakteria mlangoni.

Nyuzi zikiwa nyingi, fupi, na zimekwama kwenye ngozi ya nje, shuku ethilini. Gesi hii hukatiza mapigo ya kalsiamu na maambukizi, na visahani vilivyozibwa kabisa kwa utando usiopitisha hewa huikusanya. Tumia mkanda unaopitisha hewa, funika nusu ya chini ya kisahani kwa karatasi ya alumini ili mizizi isipigwe na mwanga, na kwa Medicago ongeza AVG, kizuizi cha utengenezaji wa ethilini, ya mikromola 0.1 kwenye agari. Vinundu vikitokea baada ya AVG, umejibiwa. Angalizo: AVG ni ya kupimia na ya kusaidia ukuzaji kwenye agari, si ya kutumia mahali unapotaka kulinganisha idadi ya vinundu kati ya mimea inayotofautiana usikivu wake wa ethilini.

Kuna hali inayofanana nayo ila asili yake ni bakteria. Vinundu vilivyokomaa vya Medicago huamsha kwa S. meliloti vimeng'enya CyaD1, CyaD2 na CyaK, vinavyotengeneza cAMP, na bakteria hutumia ishara hiyo kupunguza maambukizi mapya. Mutanti aliyepoteza vyote vitatu huacha nyuzi nyingi kupita kiasi kwenye vinyweleo, lakini idadi ya vinundu haibadiliki. Ukiona nyuzi tele na vinundu vya kawaida, angalia hapo kabla ya kushuku ethilini.

Vinundu vipo, vyote vyeupe

Kata kinundu katikati kwa wembe mpya, siku ya 14 au baadaye, na ukague ndani. Swali la kwanza: kuna bakteria humo au hakuna?

Vitupu huelekeza tena kwenye sukari za nje. Mutanti wa exo husababisha alfalfa ijenge vinundu vizuri kwa nje na visivyo na mpangaji. Jambo hili lina maana kubwa: ishara ya kujenga kinundu na ishara ya kuruhusu kuingia hazisafiri pamoja, hivyo umbo la kinundu peke yake halithibitishi maambukizi.

Vikiwa na bakteria, tofautisha aina ya mwenyeji. Medicago, alfalfa na njegere humwaga peptidi za NCR kwenye bakteria walioachiliwa. Medicago truncatula pekee ina takriban jeni 700 za aina hii. Peptidi hizo huwalazimisha bakteria waache kugawanyika, warefuke na kurudufisha DNA yao hadi takriban nakala 24. Soya, maharage na Lotus hawafanyi hivyo. Bakteria wa Medicago anahitaji protini BacA ili kunusurika peptidi hizo. Asipokuwa nayo hufa mara tu anapoachiliwa kutoka kwenye uzi, huku bakteria wa Lotus asiye na BacA akiendelea vizuri. Mmea nao ukipoteza DNF1, sehemu ya kimeng'enya kinachokata peptidi hizo ili zisafirishwe, bakteria hubaki wadogo wasiokomaa. Kasoro ya NCR169 peke yake, ambayo ni DNF7, inatosha kuacha kinundu cheupe.

Onyo kwa wanaosaga vinundu na kuhesabu makoloni: bakteroidi (bakteria waliogeuka ndani ya kinundu) waliokomaa wa Medicago hawaoti tena kwenye kisahani. Hesabu ndogo si ushahidi wa vifo. Tumia rangi za kutofautisha hai na mfu, SYTO 9 na iodidi ya propidiamu, kwenye kipande kibichi. Kwa soya hesabu ya makoloni inaaminika zaidi.

Bakteria wakiwa hai, wengi na warefu, na bado kinundu hakina rangi, sikiliza oksijeni. Ndani ya kinundu oksijeni huru ni chache mno, na S. meliloti huitambua hali hiyo kwa FixL. FixL huipa FixJ fosfati, nayo huwasha nifA na fixK. Kuza bakteria wenye nifH au fixK iliyounganishwa na lacZ kwenye hewa ya oksijeni 1 hadi 2% na ulinganishe na hewa ya kawaida. Kusipotokea tofauti, kosa liko kwenye FixL, FixJ au baada yao. Tofauti ikitokea, rudi kwa mmea.

Usisahau kutopatana kwa nasaba na mwenyeji. Nasaba Rm41 ya S. meliloti kwenye mmea wa nasaba ya A17 wa Medicago truncatula hujenga vinundu kisha huuawa humo ndani, kwa sababu peptidi za NFS1 na NFS2 za A17 humwangamiza, ilhali kwa mmea wa nasaba ya DZA315 hufunga naitrojeni. Soya wenye jeni Rj2 nao humkatalia USDA 122, nasaba ya Bradyrhizobium, kwa kuitambua protini yake NopP, ila huko huzuiwa mapema na vinundu havitokei kabisa. Njia ya haraka ni mraba: bakteria wawili kwa mimea miwili, vyungu vinne. Chungu kimoja tu kikiharibika, ni kutopatana. Mstari mzima ukiharibika, ni mmoja wao.

Vya waridi, na bado mmea ni njano

Hapa leghemoglobini, protini inayokipa kinundu rangi ya waridi, ipo, na pengine naitrojenezi, kimeng'enya kinachofunga naitrojeni, pia. Kwanza angalia umri. Mbegu kubwa hulisha mche kwa wiki kadhaa na tofauti huchelewa kuonekana. Kisha angalia madini: molibdeni na chuma kwa naitrojenezi, kobalti kwa vitamini B12 ya bakteria, boroni kwa kuta za kinundu, na fosforasi. Pima upunguzaji wa asetilini, kipimo cha kazi ya naitrojenezi, kwa kufunga mizizi kwenye chupa yenye asetilini 10% kwa saa 1. Linganisha na kundi la tatu.

Jozi maarufu ya maabara hudanganya wengi: Sm1021 na A17 hufunga naitrojeni kidogo tu. Mmea hautakuwa kijani kama wa kundi lenye nitrati, na hakuna kilichoharibika. Ukitaka kijani kamili tumia Sinorhizobium medicae WSM419.

Vinundu vingi mno, vidogo

Mmea huhesabu vinundu kupitia majani. Mzizi hutuma peptidi za CLE juu. Kipokezi HAR1 kwa Lotus, SUNN kwa Medicago, NARK kwa soya huzipokea, kisha jibu hushuka mzizini: kiwango cha miR2111, RNA fupi inayoizima TML, hupungua na TML hupata nafasi ya kuzuia vinundu vipya. Pandikiza ili ujue: sehemu ya juu ya mutanti juu ya mzizi wa kawaida ikitoa vinundu vingi, kasoro iko majani. Ila kabla ya kufikiria jeni, vikate. Vikiwa vyeupe, wingi huo mara nyingi ni njaa: bakteria asiyelisha humwacha mmea ukiendelea kuomba.

Vilikuwa waridi, sasa kijani

Uzee. Hemu, sehemu yenye chuma ya leghemoglobini, inavunjwa. Kwa Medicago huanzia upande wa mzizi na kuelekea nje, na baada ya wiki 5 au 6 ni jambo la kawaida. Ikitokea mapema, au kinundu kizima kikiwa kijani kwa pamoja, tafuta giza la zaidi ya siku 1 au 2, ukame, au mtu aliyemwagia nitrati. Mutanti wa dnf4, yaani NCR211, na dnf7 hufika hapa mapema mno. Ukikata siku ya 14 utaona waridi haijawahi kuwepo, na hiyo inakurudisha kwenye kifungu cha vinundu vyeupe.